Shafti Iliyokwenda Mbuchi

Sabra alimaliza eda siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaenda kufungua karakana. Hakumwambia mtu, wala hakuwa na wa kumwambia. Alivuka ua, akafungua kufuli la kwanza, kisha la pili, akasimama mlangoni akingoja macho yazoee giza. Miezi minne na siku kumi mlango ule haukuguswa. Ndani palinuka oili iliyolala. Mashine ya kukereza vyuma ilikuwa imefunikwa turubai, ndefu kama kitanda cha watu wawili, na juu ya turubai paka alikuwa amezaa, akalea, akahama na watoto wake.

Aliondoa turubai, akaanza kufuta. Alifuta mpaka adhuhuri.

Karakana ile iko Kibiti, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, hatua chache kutoka barabara kuu ya Lindi. Kwa miaka ishirini na sita ilikuwa ya Haruna, mumewe. Aliyevunjikiwa mhimili wa mkokoteni, aliyeharibikiwa pampu ya maji, mwenye mashua ya injini aliyepindikiwa shafti huko kwenye delta, wote walikuwa wanaambiwa nenda kwa Haruna. Shafti ndizo zilizompa jina. Ni fimbo ndefu ya chuma inayotoka kwenye injini, ikapita chini ya mashua, ikaizungusha propela majini. Ikipinda kidogo, mashua nzima inatetemeka. Ikikatika, watu wanabaki wanaelea na mizigo yao kati ya mikoko.

Sabra aliolewa na Haruna akiwa na miaka ishirini na mitano. Haruna alikuwa ameshaoa kabla yake na kuachana, na mke wa kwanza alikwenda Dar es Salaam na mtoto wao wa pekee, Warda, aliyekuwa na miaka sita. Sabra mwenyewe alishika mimba mbili, zote zikaharibika, halafu basi. Hakuna aliyemsema mbele yake. Mchana alikuwa anapeleka chakula karakana na kusubiri vyombo. Siku moja Haruna akamwomba amshikie taa, kwa kuwa kulikuwa na mawingu na kazi ilikuwa ndogo kama kidole. Siku nyingine akamwambia azungushe gurudumu la mkono polepole, mpaka atakapomwambia acha. Kufika mwaka wa saba Sabra alikuwa anajua kunyoosha chuma, kukipunguza unene, kukitoboa na kukipima, na mara nyingine Haruna alikuwa anakwenda msikitini akamwachia kazi katikati. Mteja akiingia, Sabra alikuwa anasogea pembeni na kufuta mikono. Watu waliona mikono yake ni myeusi, wakadhani anafagia.

Kazi moja tu hakuwahi kuifanya, kukata nyuzi za kufungia nati. Kazi hiyo inataka kisu kipite mara kumi na zaidi katika njia ile ile, na kila kinapofika mwisho mkono mmoja ukivute nje na mwingine unyanyue wenzo unaosimamisha mwendo wa kisu kwa pamoja. Ukichelewa kwa kupepesa jicho, kisu kinazama kwenye chuma na shafti imekwisha. Isitoshe, nafasi kati ya uzi na uzi ilipangwa kwa kubadilisha gia za pembeni mwa mashine, na gia tatu zilikuwa zimevunjika meno. Haruna alikuwa anajua kuzunguka tatizo hilo kwa ujanja wake mwenyewe. Ujanja huo hakuuandika popote, na kiharusi kilipomwangusha sokoni asubuhi ya mwezi wa Rajabu hakikumpa nafasi ya kuueleza.

Majuma ya kwanza baada ya kufungua, wateja walikuja. Walimwamkia, wakampa pole, kisha wakauliza fundi ni nani siku hizi. Sabra alijibu kwamba ni yeye. Walikuwa wanachungulia nyuma yake, kama vile kuna mtu amejificha kwenye kona, halafu wanasema watarudi. Wachache walimwachia kazi ndogo ndogo, pini za trela na bushi za mikokoteni. Mmoja aliyekuja na shafti alikuwa Faraji, mwenye mashua ya kubebea mpunga na abiria kati ya Mbuchi na Nyamisati. Sabra alimwambia ukweli, kwamba fimbo yote anaweza kuitengeneza ila nyuzi za mwisho hawezi. Faraji alishukuru kwa adabu, akaibeba shafti yake begani, akasimamisha gari la kwenda Dar es Salaam. Siku nne mashua yake ilikaa matopeni.

Kilichomshangaza Sabra siku zile ni kinywa chake. Kuna alasiri aliyoingia mtu kuuliza njia, na alipotaka kumjibu sauti ikatoka imekwaruza, kwa sababu tangu alfajiri hakuwa amesema neno lolote nje ya sala. Alipokuwa na Haruna hawakuwa wasemaji wakubwa. Lakini mtu ukiwa na mwenzio unasema tu, unasema chumvi imekwisha, unasema huyu jogoo wa jirani ana wazimu. Sasa hata chumvi ilikuwa inakwisha kimyakimya.

*

Mirathi ilikuwa imegawiwa Mtawanya, kwa kaka yake Haruna, mbele ya shehe. Sabra alipata fungu lake la mke, akaridhika nalo, na nyumba akaachiwa aishi. Mashine ya kukereza iliangukia katika fungu la Warda. Hakuna aliyesema itahamishwa lini. Uzito wake ulikuwa zaidi ya tani moja, na nadhani kila mtu aliona hilo ni jambo la siku nyingine. Ila Sabra alijua kwamba anafanya kazi kwenye mali ya mtu mwingine, na kila aliposikia gari linapunguza mwendo nje alikuwa anaacha kazi na kusikiliza.

Gari lilikuja Jumamosi moja baada ya Idd Kubwa. Warda alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akashusha sanduku la mbao na sanduku la vifaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili sasa, mrefu kama baba yake, amevaa buibui na chini yake viatu vya kazi vyenye chuma puani. Alikuwa fundi pia, katika karakana moja ya Dar es Salaam yenye mashine za kompyuta. Tangu utotoni alikuwa anamwita Sabra mama mdogo, kwa adabu isiyo na dosari, kama mtu anayesoma jina juu ya bahasha.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Karibu.”

Alikunywa chai, akaulizia afya, akaomba ufunguo wa karakana. Sabra alimfuata. Warda aliizunguka mashine mara moja, akafungua sanduku la vifaa, akachagua spana, akaanza kulegeza bolti. Alikifungua kishikio cha kisu, kile kile ambacho Haruna alikigusa kila siku ya Mungu, akakiweka chini juu ya gunia. Akafungua na kitako chake. Sabra alisimama, mikono imemning’inia. Alijiambia kwamba siku yenyewe ndiyo hii, mashine inavunjwa vipande vipande ili iingie garini. Hakuwa na haki ya kuuliza, na akaona aibu hata ya kulia. Bolti moja ya chini ilikataa, na Warda alikuwa haioni vizuri. Sabra akaichukua taa kwenye msumari, akainama, akammulikia.

Walifanya kazi hivyo karibu saa nzima, mmoja anafungua, mwingine anamulika. Mwishowe Warda akafuta mikono, akafungua lile sanduku la mbao. Alitoa kifaa cha chuma chenye mota mbili ndogo ubavuni, ukubwa wake kama cherehani, akakinyanyua kwa shida na kukiweka mahali kilipotoka kishikio cha zamani. Kikakaa.

“Mama mdogo, nisaidie kushika hapa nikaze.”

Sabra akashika. Akauliza, kwa sauti ya chini, hicho ni nini.

Warda alimtazama, kisha akaitazama mashine iliyovuliwa nusu, akaelewa mwenzake alikuwa anafikiri nini muda wote ule. Uso ukambadilika.

“Nilidhani baba mkubwa alikueleza,” alisema. “Sikuja kuichukua. Nimekuja kuiongezea mkono.”

Sabra akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Warda akajifanya anatafuta spana.

*

Kifaa kile ni cha kuongezea tu. Mashine inabaki ya zamani, inazungusha chuma kama ilivyozungusha siku zote, ila kisu hakisukumwi tena na mkono wa mtu. Zile mota mbili ndizo zinazokipeleka mbele na kukirudisha, kukiingiza na kukitoa, na zinapokea amri kutoka kisanduku chenye skrini na vitufe kilichofungwa ukutani. Nyuma ya mashine Warda alifunga jicho dogo linalohesabu chuma kimezunguka mara ngapi, ili kisu kijue kuanza kila uzi pale pale. Gia zilizovunjika hazikuwa na kazi tena. Kifaa hakikuwa kirefu. Kilifika kiasi cha shibiri moja tu na kitu. Fimbo ndefu ingechongwa kwa mkono kama zamani, na kifaa kingefanya mwisho wake: ncha nyembamba inayokaa kwenye propela, na nyuzi za nati. Palepale ambapo Haruna peke yake ndiye aliyepaweza.

Karakana ya Warda ilikuwa imenunua mashine kubwa na kukitupa kifaa hicho stoo. Namna alivyokipata hakueleza, na Sabra hakuuliza.

Siku ya pili ilikuwa ya kupima. Warda alifunga fimbo iliyonyooka sana kwenye taya za mashine, akabandika kipimo chenye mshale, uso wake kama wa saa, akamwomba Sabra asogeze kibebeo cha kisu polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mshale ulitulia, ukatulia, na walipokaribia taya ukaanza kushuka. Warda akarudia. Ukashuka pale pale. Akapima mara ya tatu, akiandika.

“Reli inayopita kibebeo imelika hapa,” alisema. “Kiasi cha unene wa karatasi. Kwingine kote ni nzima.”

Sabra alieleza kwamba kazi zote fupi zilifanyiwa hapo, pini, bushi, nati, miaka yote. Baba yako alikuwa anasimama hapa, alisema, na akaonyesha sakafuni, ambapo saruji pia ilikuwa imechimbika vijishimo viwili vya visigino.

Warda alivitazama vile vijishimo. Yeye alimjua baba yake kwa likizo za shule, kwa simu za Ijumaa, kwa mkono uliompa nauli stendi. Hakuwahi kumwona akifanya kazi siku nzima. Alirudi kwenye kisanduku, akaanza kuingiza namba ili kompyuta ijue kwamba mahali pale kisu kinashuka na ikisahihishe. Katikati ya kuandika akaacha. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na hakutoa sauti. Sabra alisogea, akasimama karibu naye, wala hakumgusa, kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kugusana. Alisimama tu mpaka kilio kilipopita.

“Tungeweza kuipeleka reli ikasuguliwe iwe sawa,” Warda alisema baadaye.

“Iache,” Sabra akamjibu.

Siku ya tatu walikata nyuzi za kwanza. Warda alibonyeza kitufe cha kijani, na kisu kikaenda chenyewe, kikafika mwisho, kikachomoka, kikarudi, kikaingia tena kwa undani wa unywele, kikaenda. Sabra alikuwa amenyoosha mikono mbele bila kujua, tayari kuvuta na kunyanyua. Warda aliishusha taratibu. Nati iliingia kwenye nyuzi zile kwa vidole, laini, bila kulazimishwa.

Jioni Warda aliondoka. Aliacha daftari lenye amri za mfano, na akaahidi kutuma nyingine kwa simu kila kazi itakapokuja.

*

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi mitano. Mteja alipoleta shafti, Sabra aliipima, akatuma vipimo, na Warda alirudisha mistari ya herufi na namba. Sabra aliinakili kwenye kisanduku, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole kama anayejifunza juzuu. Ujumbe wao haukuwa na kitu kingine. Ishirini na tano nukta nne. Thelathini na mbili. Kuna mara moja Warda aliongeza mwishoni, “Umekula?” na Sabra alikaa na ujumbe ule siku nzima kabla ya kujibu kwamba amekula.

Wateja wakaanza kurudi. Wengine waliamini kwa kuwa kuna kompyuta, ambayo waliiheshimu kuliko walivyomheshimu yeye. Walisimama wakakitazama kisu kinavyokwenda peke yake, wakauliza kama ni kweli chenyewe kinajua. Sabra aliwaambia kwamba hakijui kitu, kinaambiwa.

Lakini kifaa kilileta jambo ambalo Warda hakulitaja, kwa kuwa mwenyewe alizoea karakana yenye watu kumi. Kukata nyuzi za shafti moja kulichukua dakika kumi na mbili. Zamani dakika hizo zilikuwa jasho tupu, macho hayabanduki. Sasa mashine ilikuwa inafanya, na Sabra amesimama kando. Hawezi kuondoka, maana lazima awepo karibu na kitufe chekundu kama lolote litaharibika. Hana la kufanya kwa mikono. Hana wa kuzungumza naye. Kazi ndiyo ilikuwa inamficha na upweke wake, na sasa kazi yenyewe ilikuwa inamwachia nafasi, mara tatu, mara nne kwa siku, asimame na kuhesabu jinsi nyumba ilivyo tupu. Mara nyingine katika dakika hizo alijikuta anafikiria mimba zake mbili, ambazo hakuwa amezifikiria kwa miaka. Angekuwa na watu wazima sasa. Kisu kilikwenda, kikarudi.

Mwezi wa sita tangu kifaa kifungwe Warda alipiga simu, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema amepata kazi Kahama, karakana ya vifaa vya migodi. Zamu zake zitakuwa ndefu, na simu haziruhusiwi ndani. Amri za shafti hataweza kuzituma kwa wakati.

“Itabidi ujifunze kuandika mwenyewe, mama mdogo.”

Sabra alimwombea heri ya safari. Alipokata simu akabaki ameishika. Darasa la saba alilimaliza Bungu, zamani, na hesabu alikuwa anazipenda, lakini mtu haendi na mapenzi ya darasa la saba mbele ya kompyuta.

Alinunua daftari kubwa, akaanza. Alichukua amri zote ambazo Warda alizituma, akaziandika upya zikiwa zimepangana, akatafuta kinachofanana na kinachotofautiana. Herufi hii kila mara inakuja kisu kinapoingia ndani. Hii, kinapokwenda kwa urefu. Namba hii ndiyo nafasi ya uzi. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayesema lugha ya ng’ambo mpaka maneno yaanze kuachana. Juma la tatu akathubutu kuandika yake, ya nati ndogo. Akabonyeza kijani.

Kisu kiliruka mbele, hakikusimama palipotakiwa, kikagonga taya zinazozunguka kwa mlio uliomfanya aone weupe machoni. Kipande cha kisu kilimpita sikioni na kutoboa bati la ukuta. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe chekundu, hakukumbuka kuupeleka. Mashine ilisimama, na nje waliokuwa wanapakia pumba waliendelea kucheka kwa mambo yao. Hakuna aliyesikia.

Alikaa sakafuni. Kilichomwumiza zaidi ya woga ni kwamba kama kile kipande kingempata shingoni, angelala pale mpaka mteja afungue mlango, labda siku ya pili. Hakumwambia Warda. Alipopata nguvu alisoma mistari yake tangu juu, akaliona kosa: mahali pa nne nukta sifuri alikuwa ameandika arobaini. Nukta moja. Aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo hakubonyeza kijani kabla ya kuzisoma nukta zote kwa sauti, moja moja. Ikawa pia ndiyo njia yake ya kusikia sauti yake.

*

Faraji alirudi mwishoni mwa masika, na shafti iliyokatika vipande viwili. Injini yake ilikuwa mpya, ya Kichina, na nyuzi za nati yake hazikufanana na za injini yoyote aliyowahi kuileta pale. Aliivua kofia, akasema moja kwa moja kwamba Dar es Salaam wamemwambia asubiri juma zima, na Mbuchi mpunga umevunwa umekaa kwenye vibanda, na mvua inauharibu. Lakini ile niliyochongesha Dar ndiyo hii iliyokatika, akaongeza, na mie nilikuwa na abiria kumi na moja.

Sabra aliinua kipande, akaangalia palipokatika. Kona ya ndani ilikuwa imekatwa mraba, kali, bila kulainishwa. Ufa ulianzia hapo. Haruna alikuwa akisema chuma hakipendi kona. Alimwambia Faraji aache nati na propela, na arudi kesho kutwa.

Alichonga fimbo kwa mkono siku nzima. Kesho yake akaandika amri mwenyewe, mistari arobaini na mmoja, na kwenye kona ile akaandika mviringo, hatua ndogo ndogo za kuipunguza polepole. Akasoma nukta zote kwa sauti. Kifaa kikafanya kazi. Safari hii katika zile dakika hakufikiria kitu, alisikiliza. Kwenye pito la nane kisu kilianza kulia mlio mwembamba ambao skrini haikuwa na habari nao. Akapunguza mwendo wa mzunguko, mlio ukakoma.

Faraji alipokuja akasema neno moja alilolifikiria njiani. “Bi Sabra, usinielewe vibaya. Nitaichukua, lakini nataka uwepo wakati naifunga.”

Sabra alielewa kwamba haaminiwi. Akafunga karakana, wakapanda kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na shafti imefungwa gunia, wakaenda Nyamisati.

Maji yalikuwa yamekupwa na mashua imekaa juu ya tope. Sabra alivua viatu, akaingia matopeni hadi magotini pamoja nao, na wanaume wakamwachia nafasi kwa kuwa ndiye aliyeshika propela. Shafti ilipita kwenye bomba lake, propela ikakaa kwenye ncha bila kucheza hata kidogo. Sabra akaanza nati kwa vidole. Iliingia mpaka mwisho. Faraji aliijaribu kwa mkono wake, akaizungusha propela, akaisikiliza, akairudia.

“Basi, fundi,” alisema.

Maji yalipojaa mashua ilinyanyuka, na injini ikawashwa. Sabra alikuwa anaosha miguu ajiandae kutafuta gari la kurudi, Faraji akamwita kwamba wakaijaribu mpaka Mbuchi, kesho watamrudisha. Alisita. Kibiti hakuna aliyekuwa anamngoja. Kwa miaka yote ile alikuwa ameshika shafti za mashua zisizo na idadi, na hata moja hajawahi kuipanda. Akapanda.

Alikaa nyuma, karibu na injini, ambapo abiria hawapendi kwa sababu ya kelele na moshi. Aliweka kiganja juu ya ubao ambao shafti inapita chini yake. Ubao ulikuwa unavuma sawasawa, bila mtetemo. Mkondo ulipinda, ukagawanyika, ukapinda tena, mikoko imesimama kwa mizizi yake pande zote, na mara kwa mara kibanda cha kulindia mpunga. Aliacha kiganja pale mpaka walipofika.

Mbuchi hakumjua mtu. Faraji alimpeleka kwa shangazi yake, Bi Zuhra, kisha akaenda kusimamia magunia. Wanawake watano walikuwa barazani wanapepeta mpunga. Walimkaribisha, wakauliza habari za Kibiti, halafu mmoja akauliza amemfuata nani huku, maana mwanamke mgeni huwa amemfuata mume, au mtoto, au mgonjwa.

“Sikumfuata mtu,” Sabra alisema. “Nimeleta shafti ya Faraji.”

“Ameichonga nani?”

“Mimi.”

Walimtazama mikono. Bi Zuhra alisogea kwenye mkeka, akampa ungo. Wakapepeta. Walizungumza juu ya watu ambao Sabra hakuwajua, wakacheka kwa mambo ambayo hakuyaelewa, na yeye alikaa katikati yao akiwasikiliza, mgeni kama alivyokuwa, na pumba zinamdondokea mapajani.

Asubuhi Faraji alimrudisha Nyamisati.

Bi Sabra yuko Kibiti mpaka leo. Wenye mashua wa Mbuchi na wa Nyamisati wanamletea shafti zao, na siku hizi wakiingia hawachungulii nyuma yake. Amri anaziandika mwenyewe. Madaftari yamefika manne. Warda bado yuko Kahama na hupiga simu Ijumaa akiwa hana zamu, wakaulizana hali, wakaeleza kazi, na mara chache kimya kikaingia kati yao na hakuna anayekata. Mashine bado imo katika fungu la Warda. Kila mwaka, mpunga ukivunwa, Bi Sabra hufunga karakana siku mbili, akapanda mashua kwenda Mbuchi, akakaa kwenye mkeka wa Bi Zuhra. Halafu hurudi nyumbani, akapika cha mtu mmoja.